Kutafuta mwenza ukiwa na usonji: mwongozo kamili kwa mtu mzima

Mwongozo huu unamhusu mtu mzima mwenye usonji (autism), yaani ambaye ubongo wake tangu mwanzo umekua kwa namna tofauti ya kuwasiliana na kuhisi mazingira, anayetaka mwenza wa maisha, awe mwanamume au mwanamke, awe amepimwa na daktari au amejitambua mwenyewe baada ya miaka mingi ya kujiuliza kwa nini mambo yanayowaendea wenzake kwa urahisi humchosha yeye. Kwetu Afrika Mashariki uchumba una pande mbili. Upande mmoja umejaa mafumbo: kutupiana macho, kununa bila kusema sababu, "tutaona" ambayo haionekani kamwe. Upande wa pili una taratibu zilizo wazi kabisa: salamu zenye majibu yanayojulikana, mshenga, barua ya posa, kikao cha wazee. Hoja yangu ni kwamba mtu mwenye usonji hupoteza nguvu nyingi akijaribu kuwa hodari katika upande wa kwanza, ilhali angeweza kujifunza machache ya lazima humo, kisha akaegemea upande wa pili na kudai uwazi bila haya.

Usonji huzungumzwa zaidi kama jambo la watoto. Kila tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya kuelimisha watu kuhusu hali hii, picha tunazoonyeshwa karibu zote ni za watoto darasani. Watoto hao hukua, hupata kazi, huhama kwao, na hutamani kupendwa kama mtu mwingine yeyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, na hesabu hiyo ni ya watu wa rika zote.

Kabla ya hatua yoyote, kuna jambo la kuweka sawa. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya mtu mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili: huyu hamsomi yule, na yule naye hamsomi huyu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wakiongozwa na Catherine Crompton walijaribu jambo linalokaribiana na hilo kwa kuwapa watu hadithi wapokezane mmoja baada ya mwingine. Wenye usonji walipopokezana wao kwa wao, hadithi ilifika salama sawasawa na ilivyofika kwa wasio na usonji walipopokezana wenyewe. Ilipotea zaidi pale makundi mawili yalipochanganywa. Kwa hiyo usianze safari hii ukiamini kwamba wewe ni mbovu na unahitaji kutengenezwa. Unachotafuta ni mtu ambaye mnaweza kujenga naye njia ya kuelewana, na yeye pia ana sehemu yake ya kazi.

Hatua ya kwanza: jiandikie wasifu wako wa kweli

Chukua karatasi na uandike mambo manne: sauti, harufu, mwanga na mguso vinavyokuchosha, saa na mazingira ambamo unaongea vizuri, ratiba ambazo zikivurugwa siku yako nzima huharibika, na dalili za mwili wako unapozidiwa. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Karibu nusu ya watu wazima wenye usonji hupata shida kutambua na kutaja hisia zao wenyewe, hali ambayo wataalamu huiita aleksithimia, na mtu asiyejua kwamba ana hasira hadi pale anapofoka hawezi kumweleza mwenzake kilichomkasirisha. Dawa yake ni kuanzia mwilini. Badala ya kujiuliza "ninahisi nini," jiulize kama taya limekaza, kama tumbo limejikunja, kama mabega yamepanda, kisha urudi nyuma uone kilichotokea muda mfupi kabla. Ukiandika hivyo kila jioni kwa majuma kadhaa, utaanza kuona ruwaza.

Kupimwa rasmi kunasaidia lakini si sharti la kuanza. Tangu mwaka 2013 majina ya aina za usonji kama Asperger yameunganishwa, katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, chini ya jina moja la wigo wa usonji, na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 imefuata mkondo huohuo. Ukiamua kwenda kwenye idara ya afya ya akili ya hospitali kubwa, nenda na mtu aliyekujua ukiwa mdogo, mama, shangazi au kaka mkubwa, kwa sababu daktari atauliza ulianza kusema lini, ulicheza vipi na wenzako, na ulifanya nini utaratibu ulipobadilika. Mtu mzima akienda peke yake, mara nyingi nusu ya majibu haya hana.

Andika pia unachotaka. Ndoa na watoto? Rafiki wa karibu wa kutembea naye? Mtu wa dini yako? Wapo watu wenye usonji ambao hawavutiwi na mapenzi ya kimwili kabisa, na wapo wanaovutiwa sana. Hakuna kati yao anayepaswa kuoa au kuolewa ili majirani wanyamaze.

Kuhusu usafi nitasema kwa kifupi, kwa kuwa wengi wanaona aibu kuusema. Ikiwa povu la sabuni, dawa ya meno yenye mnanaa mkali au kitambaa kigumu vinakukera hadi unaahirisha kuoga au kubadilisha nguo, usijilazimishe kuvizoea. Tafuta sabuni isiyo na harufu, dawa ya meno ya watoto, mashati ya pamba matatu yanayofanana, na uoge kwa saa ileile kila siku. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, ongeza kuoga jioni kabla ya kukutana na mtu.

Hatua ya pili: chagua mahali panapokufaa

Ushauri wa kawaida wa "toka ujichanganye" hauna maana kwa mtu ambaye spika za baa humfanya asisikie neno hata moja. Mahali pazuri kwako ni pale watu walewale wanapokutana mara kwa mara kufanya jambo lenye mpangilio, ili mazungumzo yawe na sababu na nyuso ziwe zimezoeleka: kwaya, darsa, klabu ya sataranji, darasa la jioni la lugha au kompyuta, kikundi cha kupanda miti, chama cha akiba na mikopo. Nenda kwenye mkusanyiko uleule kwa miezi kadhaa kabla ya kuamua kwamba hapana mtu. Ukaribu kwa wengi wetu huja polepole, na anayekuona kila Alhamisi ukipanga viti bila kuombwa anakujua kuliko aliyekaa nawe mezani saa moja.

Mitandaoni kuna faida moja kubwa, nayo ni kwamba maandishi hukupa muda wa kufikiri. Watu wengi wenye usonji huandika vizuri kuliko wanavyoongea, na hapo wanang'ara. Lakini huko ndiko pia wanakolizwa, na nitalirudia jambo hilo kwa kirefu.

Hatua ya tatu: mazungumzo

Salamu za Kiswahili ni zawadi kwa mtu mwenye usonji, kwa sababu zimeandikwa tayari. "Shikamoo" ina jibu moja. "Habari za nyumbani?" hujibiwa "nzuri" hata kama bomba limepasuka usiku kucha, na habari yenyewe ya bomba husimuliwa baadaye, salamu zikishakamilika. Usizione kama uongo. Ni namna ya kupishana mlangoni bila kugongana. Yapo maneno mengine ya aina hiyo yanayowatatiza wengi. Mtu akisema "umepotea!" hakushtaki, jibu ni "nipo, za siku nyingi?" Mtu akisema "pole" hajakiri kwamba amekukosea. "Umenenepa" kwa wengi bado ni sifa, au ni jicho tu limeona. Bibi akimwita mjukuu wake "mume wangu," na Mpare akimwambia Mchaga kwamba angeuza hata mlima wake akipata mteja, huo ni utani, na anayetaniwa anatarajiwa kucheka au kurudisha. Usipoweza kurudisha, tabasamu na useme "leo umenipata." Inatosha.

Baada ya salamu, mazungumzo ni kubadilishana. Uliza swali moja, sikiliza jibu, ongeza kitu kidogo chako kinachohusiana na jibu hilo, kisha rudisha mpira. Mtu akisema anatoka Tanga, usimpe historia ya reli ya Tanga hadi Moshi iliyojengwa wakati wa Wajerumani, hata kama unaijua stesheni kwa stesheni. Muulize kwanza amekulia mtaa gani. Mada unayoipenda mno si ya kufichwa, ipewe kipimo. Sema mambo mawili matatu, kisha usimame na uone kama anauliza zaidi. Majibu yakipungua kuwa "ehee" na "sawa," simu ikitolewa, mwili ukigeukia mlango, mada imechosha. Usipoweza kuziona dalili hizo, uliza waziwazi: "Niendelee, au tubadilishe mada?" Swali hilo halimkeri mtu. Wengi hulifurahia, kwa kuwa hata wasio na usonji hukwama kwenye hadithi ndefu na hawajui pa kutokea.

Kuhusu macho, miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani huhimiza sana kutazamana. Kwetu kijana anayeinamisha macho mbele ya mzee anaonekana ana adabu, kwa hiyo ukweni una nafuu. Kwa mtu wa rika lako, tazama nyusi au mdomo wake kwa muda mfupi, hasa anapomaliza sentensi, na kaa ubavuni mwake badala ya kumkabili. Kutembea pamoja ufukweni au kupika pamoja huondoa tatizo lote.

Jihadhari na jambo moja. Kuigiza mtu mwingine siku nzima, kwa kuiga kicheko, kuzuia mikono isichezecheze na kukariri sura za uso, kumehusishwa katika tafiti nyingi na wasiwasi na sonona. Zaidi ya hayo, kunaharibu uchumba wenyewe, maana mchumba wako anampenda yule unayemwigiza, na siku ukichoka kuigiza atadhani umebadilika. Jifunze adabu, acha maigizo.

Hatua ya nne: kujua "ndiyo" na "hapana" zisizosemwa

Hapa ndipo wengi huumia, kwa kuwa Mswahili muungwana hakatai usoni. Mtu hatasema "sitaki kutoka nawe", atasema "nitaangalia," "tutawasiliana," "Mungu akipenda," au "wiki hii nimebanwa kidogo." Kanuni ninayoipendekeza ni hii: angalia kama jibu lina siku. "Jumamosi siwezi, ila Jumapili mchana nipo" ni mlango uliofunguliwa. "Jumamosi siwezi," bila siku nyingine, ni mlango uliorudishwa taratibu. Omba mara ya pili baada ya wiki moja au mbili. Likija tena jibu lisilo na siku, chukua kwamba ni hapana na usiombe mara ya tatu. "Karibu nyumbani" nayo ipime vivyo hivyo. Jibu mara moja, "asante, nije siku gani?" na ukiambiwa "siku yoyote tu," ilikuwa salamu.

Kwenye simu mambo ni hayohayo. Tiki za buluu bila jibu hazimaanishi chuki. Mtu anaweza kuwa ndani ya daladala au mbele ya bosi. Hata hivyo usitume ujumbe zaidi ya miwili mfululizo bila kujibiwa, usipige simu mara tano, na usipite kazini kwake "kwa bahati." Kumfuatafuata mtu aliyenyamaza humtia hofu hata kama nia yako ni njema, na hofu hiyo ni halali. Nawe una haki ya kusema unavyopenda kuwasiliana: "Simu za ghafla hunichanganya. Ukiniandikia kwanza nitafurahi kupokea." Huo nao ni uwazi, na atakayeudhika kwa ombi dogo kama hilo amekusaidia kujua mapema.

Hatua ya tano: kusema nia

Usisubiri "ajue mwenyewe." Baada ya mazungumzo kadhaa yanayoendelea vizuri kwa pande zote mbili, sema kwa maneno mepesi, mkiwa mahali ambapo anaweza kuondoka bila aibu, au kwa ujumbe. Mfano wa mtu wa kwaya: "Dada Rehema, nimefurahi sana kuongea nawe siku hizi. Ningependa tunywe juisi Jumamosi saa nne asubuhi, tufahamiane zaidi. Ukiona si vyema niambie tu, tutaendelea kuimba kama kawaida." Ujumbe huu una mambo matatu yanayokosekana kwenye mafumbo: siku, nia, na njia ya kukataa bila kugombana. Ni wa mwanamume kwa mwanamke, lakini mwanamke anaweza kuuandika pia, na mwanamke mwenye usonji asiyeweza kutega wala kusoma mitego hana sababu ya kungoja atongozwe.

Usimwombe mtu aliye chini ya mamlaka yako kazini, mwanafunzi wako, wala mhudumu ambaye uchangamfu wake ni sehemu ya ajira. Na katika kila hatua ya kugusana, tangu kushikana mkono hadi chumbani, uliza kwa maneno na usubiri jibu kwa maneno. Mwenye kunyamaza hajakubali. Aliyekubali jana anaweza kukataa leo. Wewe pia, ikiwa mguso mwepesi unakusisimua vibaya, sema "nikumbatie kwa nguvu kidogo" au "leo usiniguse shingoni." Wapenzi wengi wasio na usonji wangenufaika na tabia hii.

Hatua ya sita: mkutano wa kwanza

Chagua mahali ulipowahi kutembelea kabla, peupe, penye watu wachache na kelele kidogo. Asubuhi ni bora kuliko usiku. Kaa ukutani, mbali na spika na jiko. Tangaza muda wa kuondoka mapema ("nina shughuli saa sita"), ili nguvu zikiisha uondoke kwa heshima. Aliyealika alipe, isipokuwa mmekubaliana vingine. Usiku huohuo andika mambo matatu aliyokuambia, jina la mdogo wake, mtihani anaosubiri, chakula asichokila, na juma lijalo umuulize mojawapo. Kuna watakaosema huku ni kupanga mapenzi kama ripoti. Mimi naona anayekumbuka kwa daftari amekumbuka.

Hatua ya saba: kumwambia kwamba una usonji

Si siku ya kwanza, na si baada ya mahari. Wakati unaofaa ni pale ambapo mmeshaonana mara kadhaa, mnaelewana, na kabla familia hazijaingizwa. Usianze na maelezo ya kitabibu. Sema linalomhusu yeye: "Nina usonji. Kwangu maana yake ni kwamba sishiki mafumbo haraka, kelele hunichosha, na nikinyamaza si kwamba nimekasirika. Ukitaka kitu, niambie moja kwa moja. Sitachukia." Kisha mpe nafasi aulize, hata leo hata wiki ijayo.

Maswali mengine yatauma. Huenda akauliza kama ulirogwa, kama ni mapepo, kama ni chanjo, kama mama yako alikosea malezi. Jibu kwa utulivu kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Ni namna ubongo ulivyokua tangu mwanzo, urithi una sehemu kubwa, hauambukizi, na hautibiwi kwa kuoa wala kuolewa. Akiuliza kuhusu watoto, usimdanganye: uwezekano wa mtoto mwenye usonji ni mkubwa zaidi katika familia ambayo tayari ina mtu mwenye hali hiyo, lakini hakuna awezaye kutabiri kuhusu mtoto fulani. Akiondoka kwa sababu hiyo, inauma sana. Ingeuma zaidi kama angeondoka miaka mitano baadaye.

Pesa, picha na watu wabaya

Mtu anayeamini maneno kama yalivyosemwa ni windo rahisi, na matapeli wanalijua hilo. Kanuni ziwe ngumu, zisizojadiliwa na moyo. Usitume pesa yoyote kwa mtu ambaye hamjaonana ana kwa ana, hata nauli. Kula nauli na kutotokea ni mchezo wa zamani, na nauli ikishaliwa huja mgonjwa hospitalini, kisha ada ya mdogo wake. Usitume picha za utupu, kwa kuwa zikishatoka mikononi mwako zinaweza kugeuzwa kuwa rungu la kudai pesa kila mwezi. Usikope wala kudhamini mkopo kwa ajili ya mchumba. Chagua mtu mmoja unayemwamini, dada, binamu au rafiki wa siku nyingi, na umwonyeshe mazungumzo kila unapoombwa kitu. Anayekuambia "hili liwe siri yetu, usimwambie ndugu yako" ameshajitambulisha.

Wanawake wenye usonji wanahitaji neno la ziada. Wengi hutambuliwa wakiwa wamechelewa, baada ya kulelewa miaka mingi wawe watiifu na wapendeze, na hivyo hawajawahi kujizoeza kukataa. Fanya mazoezi kwa sauti mbele ya kioo au na rafiki: "Sitaki. Naenda nyumbani." Sentensi mbili, bila sababu wala samahani. Sababu hupewa mtu anayekuheshimu. Asiyekuheshimu ataijibu tu hadi uchoke.

Hatua ya nane: wazee, mshenga na posa

Vijana wa mjini huuona utaratibu huu kama mzigo. Kwa mtu mwenye usonji una thamani ya pekee, kwa kuwa unageuza mambo ya kukisia kuwa mambo ya kusemwa: nani anamwakilisha nani, nini kinaletwa, jibu litatolewa lini. Chagua mshenga anayejua kuhusu usonji wako na asiyeona aibu juu yake. Mwombe akuandalie mpangilio wa siku ya posa kwa maandishi, nani atasalimia kwanza, utakaa wapi, utaulizwa nini, na mkubaliane ishara ya kumwambia kwamba umezidiwa na unahitaji kutoka nje kidogo. Kama kuna watani au mashemeji ambao kazi yao siku hiyo ni kukusumbua hadi utoe chochote, uambiwe kabla, na noti ndogondogo ziwe mfukoni.

Lakini utaratibu huohuo hutumika vibaya. Wapo wazazi wanaomficha mchumba hali ya mtoto wao wakiamini kwamba "akioa atatulia," na wapo wanaomwoza binti mwenye usonji kwa mtu asiyemjua kwa sababu hawezi kubishana nao. Hili si la kufumbiwa macho. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unatambua katika kifungu cha 23 haki ya mtu mwenye ulemavu kuoa au kuolewa kwa ridhaa huru na kamili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 na ile ya Kenya ya mwaka 2014 nazo zinadai ridhaa huru. Ridhaa ya mtu mwenye usonji inaweza kuchukua muda mrefu kutamkwa, asubiriwe.

Sherehe yenyewe ipunguzeni bila huruma. Kamati, vikao vya michango, kitchen party, sendoff, maspika, mshereheshaji anayemwita bwana harusi acheze bila taarifa, na foleni ya wageni mia tatu wa kushikwa mkono vinaweza kumwangusha mtu kabla hajafika kwake. Ndoa ya bomani yenye mashahidi na chakula cha mchana nyumbani ni ndoa kamili, na nikaha yenyewe ni jambo la muda mfupi. Kama familia haitaki kusikia hilo, dai angalau chumba cha utulivu karibu na ukumbi, vizibo vya masikio, picha zipigwe asubuhi, na mshereheshaji apewe maagizo kwa maandishi.

Hatua ya tisa: kuishi pamoja

Mkishahamia nyumba moja, ugumu hubadilika sura. Mapenzi hayana shida; shida ni wageni. Kwetu mtu hupiga hodi saa yoyote, na kumwambia arudi kesho ni ufidhuli, kwa hiyo mkubaliane mapema nani atampokea, na kwamba mwenye usonji akishasalimia anaweza kuingia ndani bila kuulizwa. Tengeni kona moja ambayo ni yake, hata kama ni kiti kimoja nyuma ya pazia. Kazi za nyumbani ziandikwe ukutani kwa jina na siku, kwa kuwa "si unaona vyombo vimejaa?" kwa mtu mwenye usonji ni swali kuhusu macho yake. Mwenza akirudi amechoka na kuanza kulalamika, uliza: "Unataka ushauri, au nisikilize tu?" Na kama yeye anahitaji kusikia "nakupenda" mara kwa mara wakati wewe unaona ulishasema na hakuna kilichobadilika, sema tena, kwake ni chakula cha kila siku.

Mkigombana, ukiona zile dalili ulizoandika katika hatua ya kwanza, sema "nimezidiwa, nitarudi saa mbili na nusu," kisha urudi saa hiyohiyo. Kuondoka bila kutaja saa ndiko kunakomwumiza mwenzako. Wapo wanaolipuka na wapo wanaozima kabisa, wasiweze kutamka neno. Kwa hawa wa pili, mabishano mazito yafanyike kwa kuandikiana, hata mkiwa chumba kimoja.

Ikifika mkashindwana na mkaitwa mbele ya wazee, kasisi, shehe au baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo kwa sheria ya Tanzania hupitiwa kwa kawaida kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani, usiende mikono mitupu. Andika upande wako katika ukurasa mmoja, tarehe kwa tarehe, na uombe mwanzoni kabisa kuusoma kabla ya kuulizwa. Waombe wakuulize swali moja moja na wakupe muda wa kujibu. Waeleze kwamba kutowatazama machoni si dharau wala dalili ya uongo, na kama ndugu yako au mshenga wako anaweza kuketi karibu nawe, aje ameshausoma ukurasa huo.